Vidole Saba vya Azoti

Kila asubuhi, kabla sijamwambia mtu yeyote jambo, nilichovya fimbo. Ilikuwa fimbo nyembamba ya mti niliyoipaka rangi nyeusi mwenyewe, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuingia kwenye mtungi wa azoti mpaka chini, kutoka, na kupungwa hewani. Sehemu iliyozama ilifanya barafu nyeupe. Hapo niliweka vidole vyangu kando ya ile barafu nikahesabu. Vikifika kumi, nacheka. Vikiwa vitano, usinisogelee. Wenzangu wa kituo cha mifugo pale Bunia walichungulia uso wangu kwanza kabla ya kuniomba hata kiberiti.

Azoti ni hewa hii hii tunayovuta, sehemu yake kubwa, ila imepozwa kupita kiasi mpaka ikawa maji. Ndani ya maji hayo nilitunza mbegu za madume ya kizungu, zimetiwa kwenye mirija ya plastiki myembamba, kila mrija tumbo la ng'ombe mmoja. Zikiwa ndani zinaishi miaka. Azoti ikikauka, zinakufa kabla hujamaliza kufunga viatu. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na mirija arobaini na mmoja, na niliijua kama mama anavyowajua watoto wake.

Nilikuwa mwanamke peke yangu kituoni, na kazi yangu ilikuwa kwenda mazizini kupandikiza hizo mbegu kwa mkono. Basi wafugaji wakiniona nashuka kwenye baiskeli na glavu yangu ndefu ya kufika begani, walianza: "Bwana arusi amefika, mumupe kiti!" Na miye ulimi ninao. "Kiti sitaki," nawajibu, "muniletee bibi arusi." Tulicheka sana, lakini bibi arusi hakuletwa. Kila mmoja alikuwa na dume lake zizini, dume la baba yake na la babu yake, na hakuona kwa nini amdharau kwa ajili ya mrija wa mwanamke. Miaka miwili niliendesha baiskeli kwa kuchekesha watu.

Halafu ikaja barua ya shefu wa mradi, mkubwa wetu, kutoka Kinshasa. Ilikuwa fupi. Baada ya miezi mitatu na kitu angefika mwenyewe kukagua. Akikuta ng'ombe wenye mimba, kazi itaendelea. Asipokuta, mtungi utapanda ndege kurudi Kinshasa, na mimi nitaondolewa kazini. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume aliyekwenda Niania kutafuta dhahabu kwa wiki mbili, na wiki hizo mbili zilikuwa zimeingia mwaka wa tatu. Nikifukuzwa, kulikuwa na kibanda cha shangazi yangu sokoni, samaki wa chumvi kutoka Mahagi-Port, kilio cha nzi na mizani. Simdharau shangazi, samaki wake ndio walionilea. Lakini nilikuwa nimesoma kazi yangu na niliipenda, na nilisema wazi kwamba sitarudi huko.

Nilikwenda kuwabembeleza wafugaji wa njia ya Marabo kama mtu anayetafuta kura. Mwishowe wakakubali nusunusu: mvua ikishika na majani yakitoka, watanikusanyia ng'ombe. Hiyo ilikuwa wiki nne mbele. Ndege ya kuleta azoti ilikuwa inatazamiwa baada ya wiki tatu. Nikachovya fimbo. Vidole saba.

Hesabu yangu hata mtoto angeielewa. Mtungi wenyewe, ukikaa tu umefungwa, ulikula kidole kimoja na nusu kila wiki. Mirija haivumilii chini ya vidole viwili. Kwa wiki tatu ningebaki na viwili na nusu, na ndege ingenikuta nahema lakini mzima. Nikafunga mfuniko, nikaweka ufunguo wa chumba shingoni pamoja na rozari. Niliwaambia wenzangu kwamba atakayefungua mtungi ule tu kuwaonyesha watoto moshi mweupe, tutaonana mbele ya Mungu.

Siku ya tatu yake masera mkubwa wa hospitali akaja kwa miguu. Masera, ndivyo tulivyowaita watawa wote, na huyu alikuwa mwanamke wa kwetu, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo haikuwahi kushindwa na mtu. Nyuma yake alifuata kijana mmoja wa miwani, amevaa shati lililopigwa vumbi mpaka likabadilika rangi, amekumbatia sanduku kama limebeba mayai.

"Mama, weye uko na ile maji ya baridi?" masera akaniuliza.

"Iko kidogo. Na iko ya ng'ombe."

Akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya. Umeme wa hospitali, akasema, ulikuwa unakatika kila jioni kwa miezi miwili sasa. Hilo nililijua, sote wa mtaa ule tulikaa gizani pamoja nao. Wiki iliyopita ulikatika mama mmoja akiwa mezani, tumbo limefunguliwa. Daktari alimalizia kwa tochi mbili, moja ameshika masera mwenyewe. Mama alipona. "Lakini miye nimechoka kuomba Mungu tochi," akasema. Mafuta ya jenereta yalikuwa hadithi tu. Shefu wa umeme wa mji alikuwa amebadilisha fyuzi, amepanda nguzo zote, amekagua kila kiungo kwa macho yake, na kila kitu kilikuwa kizuri kabisa. Kizuri kabisa, na jioni giza.

Yule kijana alikuwa mhandisi. Alipita kwetu akielekea migodini kukagua nyaya za huko, na lile sanduku lilikuwa kamera inayoona joto. Angeweza kusema ugonjwa uko kwenye nguzo gani bila kupanda hata moja. Tatizo lilikuwa kwamba kamera hailioni joto mpaka ipozwe kwa azoti, na azoti yake yote ilimwagika lori lilipoingia shimoni, kabla hawajafika Marabo.

"Joto inaonekana kwa baridi?" nikauliza. "Unanicheka?"

Hakunicheka. Alifungua sanduku, akasahau kabisa kwamba alikuja kuomba, akaanza kufundisha. Kila kitu chenye uvuguvugu, akasema, mtu, ukuta, sufuria, kinatoa mwanga wake, ila macho yetu hayauoni. Ndani ya kamera kulikuwa na macho madogo mno yaliyopangwa safu moja, kila jicho dogo kuliko punje ya ufuta, na kioo kinachozunguka kinayapitishia picha kipande kwa kipande mpaka ijae kwenye televisheni ndogo. "Sasa macho yenyewe yakiwa na joto," akasema, "yanajiona yenyewe tu. Ni lazima yapoe sana ndipo yaone wengine."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimeshinda miaka na hiyo azoti na sikuwahi kusikia kazi yake nyingine. Nikaona uchungu wa wivu, nasema kweli, kama vile mtu ameniambia mume wangu ana nyumba nyingine.

"Inakunywa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama kopo moja."

Kopo moja kwake, kidole kizima kwangu, maana azoti ukiimimina nusu yake inaondoka na moshi. Nikamfikiria yule mama mezani na ile tochi. Nikajiambia kwamba ndege huenda ikawahi. Tangu lini ndege ya Bunia ikawahi? Lakini ndivyo nilivyojiambia, na nikasema ndiyo.

Tukapanga Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni nilikuwa jikoni nikapitiwa na mtu wa megafoni, kile kipaza sauti cha mkononi, katumwa na shefu wa umeme, anazunguka mtaa mzima: kesho mashini kubwa inakuja kuangalia umeme, watu wazime kila kitu, taa, redio, pasi, wasisumbue mashini! Nikaona ni adabu. Mgeni akija unafagia, unanyamazisha watoto. Nikachomoa hata redio yangu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ambayo nchi nzima ilishika jembe na fagio. Shefu wa umeme, mzee mwenye kitambi na kofia safi, aliwapanga watu wake wafyeke majani chini ya kila nguzo. Viungo vya nyaya vilikuwa vimesuguliwa vinang'aa. Mhandisi alikuwa ameniomba nimimine mwenyewe, nami nikamimina kwa mrija wa chuma, moshi mweupe ukatambaa mezani na watu wakarudi nyuma wakisema "Aka!" Kamera ikapoa. Ikawaka.

Picha ilikuwa ya kijivu, chenye joto cheupe, chenye baridi cheusi, na katikati ulipita mstari mweusi mwembamba ambao haukuondoka popote alipoielekeza. "Jicho moja limekufa," akasema, bila huzuni. "Yale mengine yanafanya kazi yake." Tukatembea nguzo kwa nguzo, yeye na kamera begani, mimi nimebeba betri, masera na rozari, shefu wa umeme mbele akifungua njia kama askari wa gavana. Nguzo ya kwanza, kijivu. Ya pili, kijivu. Transfoma, kijivu. Tulizunguka hospitali, tukashuka mpaka barabara ya soko, tukarudi. Ikachukua saa mbili na nusu. Azoti ndani ya kamera ikaisha, picha ikajaa chengachenga kama mchele, ikafa.

"Umeona?" shefu wa umeme akasema, akivua kofia. "Nilisema. Umeme yangu iko muzima."

Mhandisi alikaa kwenye ngazi za hospitali, akakiri haelewi. Na mimi nilikuwa nimetoa kidole changu bure. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, nikawaangalia wote mmoja mmoja nitafute wa kumtukana. Hapo ndipo nikaona kitu. Ng'ombe anayechechemea hukagui akiwa amelala. Ukimkuta amelala, miguu yote minne ni mizuri. Unamsimamisha, unamtembeza kilima kizima, ndipo mguu mbovu unajitaja. Nilifanya hivyo kila wiki.

"Sitwayeni," nikamwambia mhandisi, kwa maana wakati ule sote tulikuwa masitwayeni na masitwayene, yaani raia wa kiume na wa kike, kwa amri, "hiyo kiungo mbovu, inapata joto wakati gani?"

"Wakati umeme mwingi unapita. Watu wakitumia sana."

"Na leo nani anatumia? Mtaa yote imezima!"

Alisimama. "Nani aliwaambia wazime?"

Tulimgeukia wote shefu wa umeme, na yule mzee, maskini, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya mtoto: "Nilitaka mashini iheshimiwe." Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, makali. Lakini nikakumbuka redio yangu niliyoichomoa kwa mkono wangu, nikayameza.

Basi swali likabaki moja, na kila mtu alikuwa anaangalia ufunguo shingoni mwangu. Jioni ile ile, akasema mhandisi. Jumamosi jioni watu wote wanapiga pasi nguo za misa, hakuna saa nzuri kuliko hiyo, na Jumapili asubuhi lori lake linaondoka kwenda migodini. Alihitaji kopo lingine.

Niliomba waniache. Nikaenda kituoni, nikajifungia, nikachovya fimbo ingawa nilijua. Vidole sita kasoro. Nikitoa kimoja tena, ndege itanikuta nimekauka siku nyingi, na mirija yote arobaini na mmoja imekufa wiki nzima kabla majani hayajaota. Nililia kidogo, sifichi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu nilijua tayari nitakachofanya na sikukipenda. Mbegu ile ilikuwa mkate wa watoto wangu. Lakini jioni ile ile mtu angeweza kuwa mezani, na umeme haungemuuliza kama amemaliza kushonwa.

Nilirudi kwa masera. "Nitatoa," nikamwambia. "Lakini miye nataka gari ya hospitali na shofa. Wiki mbili, kila asubuhi."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kwenda kuoa."

Masera akacheka, mara ya kwanza kwangu kumwona meno, akasema gari ni langu, ila shofa anasinzia akiendesha, nimpigie kelele.

Jioni nilichukua ile megafoni mwenyewe. Nilipita mtaa kwa mtaa: "Wamama, chomekeni pasi! Chomekeni rusho, chomekeni redio, chomekeni kila kitu muliyo nacho!" Walitoka milangoni wameshika viuno. "Asubuhi muzime, jioni muwashe," mama mmoja akanijibu, "hii serikali inajua inataka nini?" Mwingine aliapa ni mtego wa kuhesabu nani ana rusho, lile jiko la umeme. Nilimwambia rusho yake ife ikiwa nadanganya. Mwisho walikubali kwa sababu ya misa, si kwa sababu yangu, na wengine wakabeba pasi zao wakaja kupigia kwenye veranda za majirani wenye umeme, ili waone. Baa ikafungulia muziki. Taa za mtaa mzima zilianza kulegea, zikawa rangi ya chai.

Jua lilikuwa linazama. Nilimimina azoti. Mhandisi akaanza tena nguzo ya kwanza, ya pili. Ya tatu, ile iliyo mbele ya lango la hospitali, ambapo waya wa hospitali unaungana na waya wa mji, akasimama. Aliniita kwa kidole.

Kwenye picha, kati ya kijivu chote kile, kulikuwa na nukta nyeupe. Juu ya nguzo, pale penye kibano kinachounganisha nyaya, nyeupe tupu, na ilikuwa inakua tukiitazama.

"Ile?" shefu wa umeme akasema. "Ile nimepanda mara tatu! Nimeisugua mwenyewe!" Akainua macho kwenye nguzo, akayashusha kwenye picha, akainua tena. Kwa macho kibano kilikuwa kizuri, kinang'aa. Akaomba aangalie mara nyingine.

Na hapo umeme ukakatika. Muziki ulikufa katikati ya neno, wamama wakapiga "Eeeh!" mtaa mzima, kilima kizima kikawa giza. Ila kamera ilikuwa na betri yake. Tuliinamia ile televisheni ndogo, vichwa vinne, tukaona nukta nyeupe bado imesimama juu ya nguzo, peke yake, ikipoa taratibu. Masera alinishika mkono. Mimi nilipiga kelele, sijui nilisema nini, kelele tu.

Kesho yake, lori likiwa limechelewa kama kawaida ya malori, walifungua kibano. Chini yake, upande ambao macho ya mtu hayafiki, kilikuwa kimeungua cheusi, kimelegea. Shefu wa umeme alikibeba mkononi mpaka kwa masera, akamwomba msamaha mbele ya wagonjwa, akafunga kipya kwa mkono wake. Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule. Jioni umeme haukukatika. Wala ya pili yake.

Lakini nimeruka kitu cha jioni ile ya Jumamosi. Kamera ilikuwa bado baridi, ina saa nzima ya uhai, na mhandisi aliona ni dhambi kuizima. Watu wakapanga mstari wajione. Mtoto mgongoni na mama yake walikuwa kitu kimoja cheupe. Nilikandamiza kiganja ukutani, nikakiondoa, na mkono wangu ukabaki ukutani mweupe, unafifia polepole. Nikarudia mara tatu kama mjinga.

Wakati huo huo ng'ombe wa mzee mmoja wa njia ya Marabo walikuwa wanapita kurudi zizini. Huyu mzee ndiye aliyeuzia hospitali maziwa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mara kuniitia kiti cha bwana arusi. Mhandisi aliwaelekezea kamera kwa kucheza tu. Nikaona wale ng'ombe weupe wakitembea, na mmoja wa nyuma, chini ya tumbo, robo moja ya kiwele iliwaka kuliko zingine zote.

"Muzee," nikaita, "ile ya mwisho iko mugonjwa. Titi ya kushoto, nyuma."

"Ng'ombe yangu? Weye mwanamuke, nimemukamua asubuhi!"

"Mukamue sasa."

Alichuchumaa pale pale barabarani kunikomesha. Matone mawili ya kwanza yalitoka maziwa. La tatu likatoka mabonge. Alibaki amechuchumaa, akiangalia kiganja chake. Nilikuwa na dawa kituoni, nikaileta, nikamtibu ng'ombe kwa taa ya kandili. Nilipomaliza, mzee alijifuta mikono, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Ile mirija yako, iko ngapi?"

"Arobaini na moja. Inakufa ndani ya wiki mbili."

"Kesho kuja."

Nikaenda, na siku kumi na mbili zilizofuata nilikwenda. Shofa wa masera alisinzia kweli, nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Mzee alikuwa ametuma habari kwa majirani zake, na kila alfajiri alinisubiri kwenye kona ameshika fimbo, akinionyesha nani kaona ng'ombe wake anapanda wenzake. Mtu hawezi kumlazimisha ng'ombe, unamsubiri siku yake ya kutaka dume. Siku nyingine nilipata watatu, siku nyingine hakuna hata mmoja, nikakaa kwenye jiwe na chupa ndogo ya kubebea azoti na mirija ya siku kati ya magoti nikisikia inatoa moshi, yaani inaisha. Nilitumia mirija ishirini na mitatu. Asubuhi ya kumi na nne fimbo ilitoka mtungini na barafu isiyofika vidole viwili.

Kumi na minane ilikufa. Niliitoa, ilikuwa laini mkononi, nikaizika nyuma ya kituo kwa sababu sikuweza kuitupa jalalani. Ndege ilikuja siku tisa baadaye.

Sasa ikawa kusubiri, na kusubiri sikukujua. Baada ya wiki tatu watu walianza kuniletea habari: wa fulani amerudi kutafuta dume, na wa fulani pia. Ng'ombe mwenye mimba hatafuti dume, kwa hiyo kila mmoja aliyerudi ulikuwa mrija mtupu. Wakafika wanne, sita, tisa. Niliacha kuuliza. Usiku niliota mizani ya shangazi.

Shefu wa mradi alifika kama alivyoandika, suti ya abakosi ya kijivu, viatu vya kung'aa, na karani wa kushika faili. Alifungua mtungi, akahesabu mirija mipya iliyoletwa na ndege, akatafuta ya zamani. "Ripoti yako inasema arobaini na mmoja. Iko wapi?"

Nilimwambia yote, ya hospitali, ya kamera, ya pasi. Aliandika, akiandika alikuwa anatikisa kichwa. "Kwa hiyo umemwaga mali ya mradi kwa ajili ya umeme."

"Kumi na minane imekufa, Sitwayeni. Ile ingine iko ndani ya ng'ombe."

"Nitajuaje?"

Nikampeleka kwa yule mzee. Tangu alfajiri alikuwa amewafunga kamba ng'ombe wanne ambao hawakurudi kutafuta dume, na alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakuniitia kiti. Alishika mkia wa wa kwanza akauvuta pembeni, akanitazama tu, na nikaona naye anaogopa. Nikavaa glavu, nikapaka sabuni. Kamera ile ingekuwapo isingenisaidia, kitu nilichokitafuta kiko ndani mno, kina joto lile lile la mama yake. Niliingiza mkono mpaka begani, shavu langu limelala kwenye nyonga ya ng'ombe. Niliupata mfuko wa uzazi. Nikaupapasa taratibu upande mmoja, mwembamba, laini. Nikapapasa wa pili, moyo unanipiga mpaka nikaona ng'ombe ataushtukia.

Ulikuwa umevimba. Mviringo, kama chungwa, umejaa maji, na vidole vyangu vilipoubana kidogo, ngozi nyembamba ya ndani iliteleza chini ya ngozi ya nje, kama inavyoteleza pale tu penye mtoto.

Niliuacha mkono pale pale ndani. Shefu wa mradi alikuwa anasubiri na kalamu yake. Mzee aliachia mkia, akaniinamia karibu na uso, macho mekundu.

"Mama," akasema, "iko?"

"Iko," nikamwambia. "Muzee, iko."